Tumetimia

Suruali ya mumewe ilikuwa kavu. Hapo ndipo fundi cherehani alipopaswa kushtuka, ila mikono ilikuwa imejaa magauni ya watu, na mtu mwenye magauni ya watu hashtuki, anahofia madoa.

Bamvua ilikuwa imeleta maji ya bahari mtaani mchana ule, kama kawaida yake mwezi unapoandama. Si gharika, usianze kupiga mayowe. Yanafika kwenye muundi wa mguu, yanakaa, yanarudi yalikotoka. Unazima umeme, unapandisha vitu kitandani, unatulia. Kutoka nje ndio mwiko: maji huinua mifuniko ya mitaro, na shimo lililofunikwa na maji machafu halina adabu, linameza hata mwenye digrii.

Ndiyo kazi ya Kipaza, jamaa wa kona mwenye koo kama honi ya lori. Maji yakiingia hupanda juu ya paa na kuita nyumba moja moja: "Mmetimia?" Wakiwa wote ndani, wenye nyumba hujibu. Akikosekana mtu, hunyamaza, na vijana hutoka na kamba na mti mrefu kumtafuta.

"Nyumba ya cherehani, mmetimia?"

Mume wa fundi, mchomeleaji, alikuwa bado karakana akiinua mashine yake. Bamvua iliyopita vijana walimrudisha amefungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa kuuzwa, mtaa ukacheka mpaka mbavu zikauma. Fundi hakutaka aibu ile tena.

"Tumetimia!" akajibu. Kisha kwa mama mkwe wake, aliyekunja miguu kitandani: "Si atakuja tu, mama."

"Mbona keshakuja," mama mkwe akasema.

Mlango haukulia. Mume alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"We! Umepita wapi?"

"Nje."

"Na suruali kavu? Umeruka kama panzi?"

Hakucheka. Mumewe alikuwa mtu wa kucheka hata msibani. Tena siku zote alinuka chuma kilichoungua. Huyu hakunuka kitu. Fundi akavuta pumzi, akagundua tope halinuki, mafuta ya cherehani hayanuki, na maji yaliyokuwa yakipiga miguu ya meza yamenyamaza, yamesimama kama kioo.

Mlango ukagongwa.

"Mke wangu, fungua! Maji yanavuta huku!"

"Nani huyo?" mama mkwe akanong'ona.

"Usifungue," akasema aliyekaa kitandani. "Maji yataingia."

Maji yalikwisha kuingia, fundi aliyaona yamezunguka miguu yake, lakini miguu yenyewe hakuihisi, wala mikono, na alipotaka kwenda mlangoni alijikuta anakunja gauni, analikunjua, analikunja tena, huku sauti ya nje, sauti anayoijua mpaka kikohozi chake, ikimwita Kipaza arushe kamba.

"We nani?" Kipaza akajibu kutoka juu kwa woga. "Nyumba hiyo imetimia! Shetani, toka mtaani kwetu!"

"Basi nazunguka nyuma!"

Nyuma kulikuwa na mtaro, na fundi alijua, na neno "usiende" lilifika mpaka kwenye meno likakaa hapo kama mate, wala mama mkwe hakulisema, maana yeye alikuwa ameshika mkono wa yule wa kitandani na kumwita mwanangu, mwanangu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Hatua zikapita chini ya dirisha. Zikakatika.

Maji yalipokupwa, vijana walimleta mchomeleaji juu ya ubao, matope mdomoni. Fundi hakulia. Aliwafungulia mlango kama anayempokea mteja.

"Dada, tumlaze wapi?" Kipaza akauliza, macho chini kwa aibu. Kisha akayainua, akaona kitandani, akarudi nyuma mpaka ubao ukagonga mlango.

Yule aliyekaa pale akasogea kidogo kando ya mama mkwe.

"Mleteni hapa," akasema. "Nafasi ipo."