Sponji ya Mama Kochi

Mume wa Mama Kochi alipoomba chumvi mezani, majirani wa pande zote mbili walijua kuwa mboga haijakolea.

"Mke wangu! Chumvi!"

"Baba watoto, niko hapa hapa. Sijahama."

"Nini?"

"Nimesema usipige kelele, mtoto amelala!"

Mtoto akaamka.

Mume huyo hakuwa mkali hata kidogo. Shida ilikuwa lori lake. Lilikuwa lori kuukuu la dizeli, la aina ile ambayo injini hukaa chini ya viti vya mbele. Kutwa nzima alibeba matofali, huku injini ikinguruma pembeni mwa goti lake. Jioni alirudi masikio yakimvuma. Tena mguu wa kushoto, ulio upande wa injini, ulipata joto kama ameuweka karibu na jiko.

Mama Kochi alikuwa fundi wa makochi, na jina lake hilo lilitokana na kazi. Barazani kwake kulijaa mbao, vitambaa na vipande vya sponji. Siku moja, akikung'uta suruali ya mumewe, aliona makombo meusi yanadondoka.

"Haya nini? Umekalia mkate ulioungua?"

"Ni ile sponji iliyobandikwa chini ya mfuniko wa injini. Imezeeka, inamomonyoka yenyewe."

"Sponji?" Mama Kochi akaweka mikono kiunoni. "Umeoa fundi wa sponji, halafu unateseka kwa kukosa sponji? Wewe mwanamume una mambo!"

Asubuhi, kabla injini haijawashwa, wakafungua mfuniko ulio katikati ya viti viwili. Upande wake wa chini kulikuwa na tabaka nene, jeusi, lililochanika. Zamani lilikuwa na ngozi ya kung'aa kama bati. Sasa ngozi ilikuwa imebanduka, na tabaka lenyewe lilining'inia kama pazia bovu, limelowa oili.

Mama Kochi akalinyofoa kwa mikono mitupu. Vumbi likaruka. Akapiga chafya, mikono ikamwasha mpaka jioni, lakini hakujali. Alikata sponji nene ya kochi, akaivisha kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya mteja, akaibandika kwa gundi yake ya kila siku. Kazi ilitoka safi.

Mumewe akazunguka mtaa mara moja, akarudi anacheka.

"Hili si lori tena, ni sebule!"

Mama Kochi alitembea siku ile kichwa juu.

Wiki haikuisha. Mteja mmoja alitaka apelekewe kochi lake, basi Mama Kochi akapanda lori na mumewe. Mtoto walimwacha kwa bibi yake. Walikuwa wakipanda mlima, injini ikikaza, Mama Kochi aliponusa kitu.

"Baba watoto, kuna harufu."

"Vumbi tu la barabarani."

Akanusa tena. Harufu ile aliijua. Pasi ilipowahi kuangukia sponji kule barazani, ilinuka vivyo hivyo.

"Simamisha gari."

"Nini?"

"Simamisha gari! Hiyo ni sponji yangu inaungua!"

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka pembeni mwa mfuniko. Mume akalisogeza lori pembeni ya barabara, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Mkono wa Mama Kochi ulikuwa tayari unataka kufungua mfuniko. Mumewe akaushika.

"Acha! Shuka kwanza!"

Wakashuka na mtungi wa kuzimia moto, wakasimama mbali kidogo. Mume akampigia simu mdogo wake, fundi wa malori, ambaye kila mtu alimwita Spana.

"Umezima injini? Vizuri," Spana alisema. "Msifungue mfuniko sasa. Hewa ikiingia ghafla, moto unapata nguvu. Kaeni mbali, na mkiona ndimi za moto, iteni watu wa zimamoto. Nakuja."

Walisubiri wakiutazama moshi. Ukapungua polepole, ukakatika. Mama Kochi alikuwa akitazama kiti cha dereva, pale mumewe alipokuwa amekaa muda si mrefu. Ile sponji alikuwa ameikata yeye, kwa mkasi wake.

"Ningekuchoma," alisema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Nimesema ningekuchoma moto!"

Wapita njia wawili wakageuka kutazama. Mume akamkokota mkewe kando, akicheka.

Spana alifika, na injini ilipopoa kabisa aliinua kichwa cha lori, kikainama mbele. Kila kitu kikaonekana. Joto lilikuwa limeyeyusha gundi ya makochi. Sponji ikaanguka juu ya bomba la moshi, ikanywa oili, na ukingo wake ukawa mkaa.

"Shemeji," Spana alisema, "ulimpa kaka yangu kochi, nalo likataka kuwa jiko."

"Nicheke au nilie?"

"Cheka, mko hai. Ila nisikilize. Ile ya zamani haikuwa sponji ya kukalia. Ilitengenezwa kuzuia joto na kelele. Ngozi yake ya kung'aa hurudisha joto kwenye injini na kuzuia oili isipenye. Ikishachanika, tabaka linakunywa oili na dizeli. Hapo haikulindi tena. Umebeba utambi."

"Basi tuondoe zote, tukae bila kitu," mume alisema.

"Kaka, masikio hayana spea! Tutaweka inayofaa. Kwanza tujue oili inatoka wapi."

Oili ilikuwa ikivuja juu ya injini, kwenye gasketi iliyochoka, ile inayoziba maungio ya vyuma. Spana alitoa waya wa betri kwanza, kisha akabadilisha gasketi na kuosha mafuta yote. Aliyekimbilia kukwangua mabaki ya tabaka la zamani alikuwa Mama Kochi.

"Subiri, shemeji! Mikono iliwasha mara ya kwanza, sivyo?"

"Mpaka jioni."

"Ni nyuzi nyembamba za kioo. Zikiwasha mkono hivyo, fikiria mapafu."

Akampa barakoa, miwani na glavu. Wakanyunyizia maji kidogo ili vumbi lisiruke, wakakusanya mabaki kwenye mfuko na kuufunga.

Walinunua tabaka jipya kwenye duka la vipuri. Mwenye duka aliwahakikishia kuwa ni la injini, lisiloshika moto kwa urahisi. Spana akachukua kisu alikate kwa kukadiria. Sasa ikawa zamu ya Mama Kochi kupiga kelele.

"Weka kisu chini! Kochi halikatwi kwa kubahatisha."

Akachukua karatasi ngumu, akachora umbo la mfuniko, kila tundu na kila kona. Akakata tabaka kwa kufuata mchoro. Likakaa kama nguo iliyopimwa. Upande wa kung'aa uliitazama injini. Kingo walizifunga kwa utepe wa kung'aa wa kuhimili joto, ili oili isiingie. Mbali na gundi ya kuhimili joto kali, waliongeza vibanio vya chuma. Waliacha nafasi ya kutosha karibu na bomba la moshi, na hawakuziba njia ya hewa wala kugusa mikanda ya injini.

"Kila mkibadilisha oili, litazameni," Spana alisema. "Likichanika, likilowa au likining'inia, msingoje harufu. Na wewe kaka, nenda ukapimwe masikio."

Mume alikwenda. Aliambiwa kuwa kelele imeshamdhuru kidogo, na kwamba amewahi kabla hajadhurika zaidi. Mguu wake haukupata joto tena. Na lori linapobadilishiwa oili, Mama Kochi huacha kazi yake, akachukua tochi, akaenda kukagua mfuniko kabla ya mtu yeyote.

Jioni moja alikuwa barazani, cherehani ikienda mbio, mumewe akila ndani.

"Mke wangu, chumvi."

Cherehani iliendelea.

"Mama watoto, naomba chumvi."

Mama Kochi akasimamisha cherehani, akachungulia mlangoni.

"Unasemaje? Hebu paza sauti, baba watoto. Sikusikii!"

Mtoto aliendelea kulala.