Picha Iliyoachwa Nusu

Kamaludin alikuwa fundi cherehani katika Mji wa Kale, Mombasa. Alishona kanzu, na kazi yake ilisifiwa mpaka Ganjoni. Kila asubuhi aliitoa cherehani yake barazani. Mkewe, Mwanakuu, alitarizi shingo za kanzu ndani ya nyumba. Mtoto wao, Athmani, alikuwa na miaka kumi na minne. Akitoka shule alipeleka kanzu kwa wateja.

Kamaludin alikuwa na kipimo kimoja tu cha mtoto mwema. Je, kwenye sala ya Magharibi yuko msikitini? Athmani alikuwako kila siku, safu moja na babake, ubavuni pake. Kamaludin akigeuza uso kutoa salamu alimwona, na roho yake ikatulia. Alikotoka mtoto kabla ya hapo hakumuuliza. Aulize nini, na mtoto yuko msikitini?

Siku hizo vita vikubwa vilikuwa vimekwisha karibuni. Ikaja mjini picha moja ya sinema kutoka ng'ambo. Ilikuwa picha ya gharama ndogo, lakini kelele zake zilikuwa kubwa. Ilionyesha vijana wa kiume na wa kike wakinywa ulevi na kutoroka shule. Walidandia malori yanayokwenda mbio, kisha wakaruka chini huku wenzao wakiwapigia makofi. Wazee walishtuka. Wengine walitaka serikali iipige marufuku. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Kamaludin, naye hakuwa ameiona hata kidogo. Nyumbani alikataza isitajwe. Atakayeitaja, alisema, atakiona cha mtema kuni.

Basi haikutajwa. Mwanakuu alinyamaza, na Athmani akanyamaza zaidi.

Jumamosi moja alasiri hamali wa Shimanzi alikuja mbio mtaani. Aliwaeleza watu habari huku akihema. Gharib, rafiki mkubwa wa Athmani, alikuwa amedandia lori lililotoka bandarini Kilindini na mizigo. Aliporuka alianguka, na gurudumu likampita mguuni. Amepelekwa hospitali.

Mwanabaraka, mamake Gharib, alitoka nje kichwa wazi, bila buibui. Mtaa ule ulikuwa haujapata kumwona hivyo tangu aolewe. Wanawake walimkimbilia wakamfunika leso zao. Hata watoto waliokuwa wakicheza waliganda pale pale.

Kamaludin alikwenda hospitali na wanaume wenzake. Aliporudi hakuweza kula. Alisema Gharib ataishi, lakini daktari hajui kama atatembea vizuri tena. Kisha akamwita Athmani.

"Nambie kweli. Nawe ulikuwako?"

"Nilikuwako, baba."

"Ulidandia?"

"Nilidandia kabla yake. Mimi nilishuka salama."

Mwanakuu aliketi sakafuni. Kamaludin akaiinua bakora. Mama alidhani hakuna baya la kusikia kuliko hilo, kumbe lilikuwako. Athmani alisema Jumamosi ijayo atakwenda tena. Yeye na wenziwe wameahidiana. Gharib alianguka kwa sababu ya woga, alisema, na yeye atawaonyesha namna ya kuruka.

Mwanakuu alimshika mwanawe mkono. Mtoto aliyemzaa alikuwa akitaja kifo chake kama mtu anayetaja safari ya sokoni.

"Umerogwa wewe?" Kamaludin aliuliza.

"Wale wa kwenye picha hawakuumia, baba. Waliruka wote, wakacheka."

Bakora ilibaki juu. Picha ile ile iliyokatazwa! Wakati huo Bi Swabaha, jirani yao, alikuwa amefika mlangoni akitoka kumliwaza Mwanabaraka. Alikuwa mjane aliyewafundisha wasichana kusoma na kushona. Alipenda sana sinema, wala hakuficha. Kila wiki kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao, watu wakiliita zanana, naye hakulikosa. Alipiga hodi, akakaribishwa, akamtazama Athmani.

"Wewe hukuiona picha ile," alisema.

"Nimeiona, Bi Swabaha. Tena si mara moja."

"Haya. Yule kijana mwenye shati la mistari alipatwa na nini mwisho?"

"Sijui," Athmani alisema.

"Alizikwa," Bi Swabaha alisema. "Aliingia chini ya lori. Mamake alimtambua kwa lile shati. Ukumbi mzima tulilia. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilitoka pale katikati, wakati wa mapumziko, taa zilipowashwa. Magharibi ilikuwa yakaribia. Baba angenikosa msikitini."

Kamaludin aliishusha bakora, akaketi. Sasa alikumbuka jambo. Jumamosi mbili tatu Athmani alisimama ubavuni pake akihema, jasho likimtoka. Yeye alifurahi, akidhani mtoto ameikimbilia sala. Alijiona mjinga.

Athmani alieleza kuwa wenziwe wote hufanya hivyo hivyo. Kila mmoja ana baba anayemtazamia kwenye safu. Lugha ya picha hawaijui, basi hutazama vituko tu, kisha hukimbia. Wote walikuwa wameona raha, na hakuna aliyeona matokeo yake.

"Na kuna jingine," Bi Swabaha alisema. "Wanaporuka, tazama magurudumu ya lori. Hayazunguki. Lori limesimama, na nyuma yake wamepitisha picha ya barabara. Kwa uhaba wa fedha, hata kuficha hawakuficha vizuri."

Kisha akamgeukia Kamaludin. Alimwambia kuwa akimpiga mtoto leo, Jumamosi atadandia kwa siri. Afadhali aende naye, akae naye mpaka mwisho, kisha amuulize aliyoyaona. Kesho picha itaonyeshwa mapema mchana, na Magharibi haitawapita.

"Mimi?" Kamaludin alisema. "Mimi niliyeilaani mbele za watu?"

Mwanakuu hakuwa na desturi ya kumjibu mumewe mbele ya jirani. Siku ile alimjibu.

"Heri uchekwe wewe kuliko nizike mimi."

Kesho yake walikwenda. Wazee waliokaa njiani walimwona Kamaludin akikata tiketi. Mmoja alikohoa kwa makusudi, na uso wa Kamaludin ukawaka moto. Hata hivyo aliingia, amemshika mwanawe mkono.

Lori lilipotokea, alimnong'oneza Athmani atazame chini. Athmani akatazama. Magurudumu yalikuwa yametulia tuli. Alikasirika kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu. Taa zilipowashwa aliinuka kwa mazoea, babake akamketisha. Ikaja nusu ya pili. Lilipotolewa lile shati la mistari, Athmani aliukamata mkono wa kanzu ya babake, hakuuachia mpaka mwisho.

Nje, Kamaludin aliuliza swali ambalo hakuwa amewahi kumuuliza mwanawe.

"Umeona nini?"

Athmani alizungumza njia nzima. Jioni Kamaludin aliwaendea wale wazee barazani. Walipomcheka, aliwaacha wacheke. Kisha akawaambia wawaulize watoto wao wameona nusu gani. Wengine walikasirika, lakini wengine waliuliza, na walioyasikia majibu hawakucheka tena.

Jumamosi ilipofika vijana walimngojea Athmani kando ya barabara ya Shimanzi. Mwanakuu hakuwa na amani, akamtuma mumewe amfuate kwa mbali. Lori la kwanza lilipita. Athmani hakulidandia. Aliwaambia wenziwe wamfuate, akawapeleka hospitali.

Gharib alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta, mamake yuko kando yake. Athmani aliwasimulia nusu ya pili, kisha akaeleza habari ya magurudumu. Kamaludin alisimama mlangoni akisikiliza.

"Kwa hivyo lile lori halikuwa likenda?" Gharib aliuliza.

"Halikuwa likenda."

Gharib aligeuza uso ukutani.

"Nami siku zote hizi nalala hapa najiona mwoga," alisema.

Mamake alimwinamia akamkumbatia. Vijana walimuaga Gharib mmoja mmoja, wakatoka wakarudi mjini kwa miguu, na malori ya Kilindini yakawapita njia nzima.