Ubao wa Tatu Kutoka Mlangoni

Mpangaji alilalamikia sakafu, wala hakutaja jini. Magreth, mwalimu aliyepanga nyumba ya Agnela pale Akheri, alisema tu kwamba kila adhuhuri ubao wa tatu kutoka mlangoni unakwaruzwa kwa chini, na sebule inanuka majani mabichi.

Fundi Ephraimu akaja, akapiga magoti, akagonga ubao mmoja mmoja. Mbao bado nzima, akasema. Akipiga msasa na vanishi zitang'aa, ila ule wa tatu umelegea, lazima aung'oe kwanza. Au atandike kapeti la mpira juu ya zote, yaishe.

"Funika," Agnela akasema, fundi hata hajanyanyuka.

Mtu mzima anaogopa ubao! Lakini alijua kilicho chini yake. Miaka mitatu nyuma aligombana na dada yake Anande kwa ajili ya nyumba hiyohiyo, na Anande ndiye aliyejishusha. Alimletea jani la sale lililofungwa fundo, akaliweka miguuni pake. Kwetu ukiletewa sale unasamehe, hakuna mjadala, hata kama damu imemwagika. Agnela akalisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka likadumbukia kwenye ufa wa sakafu. Anande alifariki kabla kahawa haijachumwa. Msibani Agnela alilia kuliko wote, na watu, jamani, wakamhurumia.

Kapeti likatandikwa. Wiki haikuisha, Magreth akapiga simu akinong'ona: kapeti limevimba pale mlangoni, linapanda na kushuka, naye yuko uani na wanawe, haingii tena.

Agnela akaenda, mchana kweupe, akalichana kapeti kwa kisu, akaubandua ubao, na pale chini kwenye vumbi la miaka yote akaliona jani, bichi, lina umande, fundo lake halijalegea, na kwa aibu akaliokota kwa mikono miwili, akalishusha kwenye giza la chini ya sakafu kama Anande alivyomletea yeye.

"Dada, nimekosa. Nisamehe."

Vidole vya baridi vikalipokea. Agnela akashusha pumzi, akalia kweli safari hii.

Kisha jani likarudi juu, taratibu, likisukumwa na ncha ya kiatu. Alikitambua. Ndicho walichomvisha Anande kwenye jeneza.