Moyo Hukimbia Kabla ya Meno

Jamani, kitu kilichonitisha hakikuwa meno. Kilikuwa moyo.

Mume wangu Jamil anafanya kazi ya usiku kiwandani hapa Jinja, mchana analala. Chumba chetu cha Walukuba ni kimoja. Ukimenya ndizi unasikia anavyopumua.

Na anavyosaga meno... Krrr! Krrr! Kama anatafuna changarawe!

Siku moja nikalaza sikio kifuani kwake. Moyo ulikuwa unatembea polepole... ghafla ukaanza kukimbia! Ndipo meno yakafuata.

Kila mara hivyo. Moyo kwanza, meno baadaye.

Nikakosa usingizi. Akilala tu, sikio langu liko kifuani, kidole kinagonga godoro kufuata mapigo, midomo inamwomba Mungu.

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyonikuta!

Hajati Kulusumu, katoka Mbale bila kupiga simu, kasukuma pazia...

"Wewe! Unamnuizia nini mwanangu?!"

Nilitaka kueleza. Shule niliishia la nne, na mbele ya wakubwa maneno hunikimbia.

"Ndiyo maana anasaga meno! Dawa uliyomlisha, anaitafuna usingizini!"

Jamil akaamka. Akanitazama... akainamisha kichwa.

"Mama, majirani wanasikia. Tutaongea nyumbani kwako Mbale."

Hakunitetea! Banange, mume wangu mwenyewe!

Ijumaa baada ya swala tukawa Mbale, sebuleni kwa Hajati. Nguo zangu nilishazifunga zote. Nilijua narudishwa kwetu.

Mwamuzi alikuwa Mzee Wanyera, baba mdogo wa Jamil.

"Binti, ulimlisha nini mumeo?"

Nikabaki kukunja pindo la nguo.

"Si mnaona?" Hajati akadakia. "Mkono wa kulisha dawa anao, mdomo wa kujibu hana!"

Pilau ikaletwa, tukala. Joto, shibe... Mzee akaanza habari ndefu za ukoo. Hajati kitini akasinzia.

Krrr! Krrr!

Mzee akakatisha habari zake. Jamil akageuka kunitazama. Mimi niko macho!

Krrr!

"Shemeji," Mzee akamgusa bega Hajati, "na wewe nani kakulisha?"

Hajati akashtuka. Akaona macho yote yako kwake. Akajiziba mdomo kwa mtandio, machozi yakamtoka.

"Kabla ya baba yako, Jamil, niliolewa Busiu. Yule bwana alinirudisha kwa sababu ya meno haya. Alisema nimerogwa. Nilipokusikia na wewe unasaga... niliogopa watanitazama mimi."

Alijua! Muda wote alijua!

Jumatatu tulienda kliniki pamoja, na Hajati mbele. Jamil akaeleza habari ya moyo, niliyomnong'oneza usiku ule tulipobaki wawili. Nesi akasema usingizini moyo unaweza kushtuka kwanza, kisha taya likajikaza, na mara nyingine hali hiyo huwa ya ukoo. Akauliza nani aliona mambo ya moyo.

Jamil akaninyooshea kidole, macho yamemlowa.

Njiani akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile?"

Nikatabasamu tu. Mnanijua.

Ndugu zangu, mtu wenu akiwa na jambo msilolielewa, msikimbilie kutafuta mchawi. Lazeni sikio mmsikilize.

Na wewe Jamil, najua utasoma hapa. Sikuogopa meno yako. Hata talaka sikuiogopa sana. Niliogopa moyo wako ukimbie siku moja usirudi... na mimi nimelala.