Juzi ya Leonidas

Basi la kutoka Lamadi liliingia stendi ya Bariadi limelalia upande mmoja, na abiria wa mwisho kushuka alikuwa mwanamume aliyekumbatia bomba la plastiki refu kuliko yeye, limevikwa gunia bichi. Wapiga debe walimpisha. Akaingia kwenye hoteli ya Felisita, akaomba kona yenye kivuli.

Felisita alikuwa na uchovu wa miezi. Tangu makampuni binafsi yaruhusiwe kununua pamba, mawakala walijaa mjini, na wote walikula kwake. Gauni lake la kitenge lilishapauka mabegani. Alimtazama mgeni, suruali ya kaki imekakamaa matope.

"Humo kuna dhahabu?"

"Tope, dada. La chini ya ziwa."

"Umepanda basi na tope kuja Bariadi? Tope tunalo."

"Mwaka huu hamna," akasema yule, na ilikuwa kweli. Mvua zilikuwa zimechelewa. Felisita akacheka huku ikimuuma.

Jina lake Leonidas, mtu wa Bukoba, mtafiti kutoka Dar. Lori la kubebea mabomba yake liliharibika njiani, basi akawa anakula hapo kila siku. Mchana mmoja alizungusha mfuniko wa sufuria mezani, ukaanza kuyumba. Akawaeleza wateja kwamba dunia nayo huyumba hivyo, polepole mno. Ikiyumbia huku, jua husogea karibu majira ya mvua, na pepo huleta maji mengi; ikiyumbia kule, mvua hupungua. Na zama zile barafu ilipofunika Ulaya, bahari zilipoa, mvua za huku zikakatika, hata ziwa likakauka likawa majani matupu. Tope lake lilikuwa limetunza habari zote hizo, tabaka kwa tabaka.

"Lilikauka lini?" akauliza Minza, mchuuzi wa samaki, shoga yake Felisita.

"Juzi tu."

Minza akaweka kijiko. "Juzi ipi? Juzi nilikuwa Lamadi napakia sato."

"Kama miaka elfu kumi na tano hivi."

Hoteli nzima ilicheka, na jina likamganda: Juzi. Felisita naye alimwita hivyo jioni, wakichambua mchele bega kwa bega, ila yeye aliongeza "wangu".

Lori lilipotengemaa, Leonidas akaaga. Alisema angerudi hivi karibuni kuongea na baba yake Felisita kule Ipililo.

"Shoga," Minza akamwambia, "mtu ambaye juzi yake ni elfu kumi na tano, karibuni yake itakukuta umeshakuwa tope."

Ulikuwa utani, lakini ulimwingia Felisita. Leonidas alipopiga simu ya dukani kwa Mashimba na kuomba aitiwe, Felisita alituma jibu kwamba yuko jikoni. Akapiga tena, yuko jikoni. Wakati huo Mayala, wakala wa pamba, alishapeleka posa Ipililo, na baba alitaka jibu Jumamosi.

Jumatano Felisita alikwenda kwenye simu. Duka lilijaa, hakuna aliyenunua, hakuna aliyetoka.

"Feli, nimekukosea nini?"

"Nimechoka, Leonidas."

Hakuitwa Juzi wangu, na Leonidas alilisikia hilo. Akauliza kama mvua imenyesha.

"Mvua iache. Hiyo karibuni yako ni yangu mimi au ya tope?"

Mashimba aliacha kupima sukari.

"Mayala ameshaandaa ng'ombe," Felisita akaendelea, sauti imeshuka. "Baba anataka jibu Jumamosi. Siwezi kusubiri dunia iyumbe."

Leonidas alijieleza kwamba alitaka kwanza apate ajira ya kudumu, asiende kwa mzee mikono mitupu. Kisha akakatiza maneno yake mwenyewe.

"Ijumaa. Nakuja na shangazi."

"Ijumaa ipi?"

"Hii, mpenzi. Keshokutwa."

Ijumaa basi la Mwanza lilichelewa. Wateja walimaliza kula wakabaki wamekaa. Minza hakwenda Lamadi. Felisita alivaa gauni lilelile, akaosha sufuria ambazo zilikwisha oshwa.

Jua likielekea kuzama basi liliingia. Leonidas alishuka bila bomba, amemshika mkono mama mnene mwenye vumbi hadi kwenye kope.

"Mwadila, Felisita," akasalimia, Kisukuma chake kikipinda.

"Mwadila. Mmetoka Dar lini?"

"Juzi."

Minza alikunja vidole: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Juzi kweli. Safari hii hakuna aliyecheka.

Felisita alifuta benchi kwa upindo wa khanga.

"Kaa, shangazi, ule. Kesho tunaamka mapema. Ipililo ni mbali."