Kurasa Alizozitupa Shangazi

Nyumbani kwao Chiriku, redio haikuwa na kazi asubuhi. Chiriku ndiye aliyekuwa redio. Alisimulia akipiga mswaki, alisimulia akifunga kamba za viatu, na mdogo wake alichelewa shule mara nyingi kwa sababu alikataa kuondoka kabla hajajua kama fisi wa hadithi alinaswa au aliponyoka. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa ndege huyo naye hajui kunyamaza.

Kwa hiyo, mwalimu wa Kiswahili alipotangaza kwamba kila mwanafunzi wa darasa lao ataandika hadithi wakati wa likizo, na kwamba itakayopendeza zaidi itasomwa mbele ya wazazi, darasa zima lilimgeukia Chiriku.

"Mwalimu, hata usijisumbue kutafuta," alisema huku akicheka. "Yangu iko tayari kichwani."

"Kichwani hakuna karatasi, mwanangu," mwalimu alimjibu. "Niletee ikiwa imeandikwa."

Mchana ule ule Chiriku alikaa mezani na kalamu yake. Maneno yaliyozoea kumtoka kama maji ya bomba yakakauka. Aliandika sentensi akaifuta, akaandika nyingine ikafanana na ile aliyoifuta. Mdogo wake alimuuliza, "Dada, fisi amefika wapi?" Chiriku akamfukuza. Alianza kuogopa. Ameshajisifu mbele ya wenzake, je, akirudi mikono mitupu?

Bahati ikawa upande wake. Likizo hiyo mama alikwenda kumuuguza bibi, akamchukua mdogo wake Chiriku, naye Chiriku akapelekwa kwa shangazi yake. Shangazi huyo, dada yake baba, alikuwa mtunzi wa riwaya. Chiriku akajiambia, "Hapa ndipo dawa yangu ilipo. Nitaona hadithi zinatoka wapi."

Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimfikisha mlangoni akaanza utani wake. "Dada, nimekuletea mgeni. Mfundishe kazi yako ya kukaa. Sisi wenzako tunatoka jasho, wewe unakikalia kiti mpaka kinaomba likizo."

"Kaka yangu, wewe unachomelea chuma na chuma kinakubali," shangazi akamjibu. "Mimi nachomelea maneno, na maneno yana kiburi."

Kesho yake Chiriku aliamka akamkuta shangazi ameshafagia, ameshaoga, na ameketi mezani. Meza yenyewe ilikuwa imegeuziwa ukuta, dirisha likabaki mgongoni.

"Shangazi, mbona hutazami nje?"

"Nikiwatazama watu wa mtaani, wale wa kitabuni wataona wivu," shangazi alisema. "Sasa sikiliza. Mpaka wakati wa chai, humu ndani hakuna anayeongea. Hata mimi."

Kwa Chiriku hilo lilikuwa kama kufungwa ulimi kwa kamba. Alikaa kwenye mkeka, akatazama. Shangazi aliandika, akasimamisha kalamu, akachezesha midomo. Mara akainuka. Akaenda mlangoni, akaipanua mikono kama mtu aliyebeba sinia kubwa, akausukuma mlango kwa nyonga, akaingia, akaufunga kwa kisigino. Akatikisa kichwa. Akarudia tena, safari hii polepole zaidi, kisha akakimbilia kiti na kuandika kwa haraka. Halafu akanong'ona maneno kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti nzito ya mwanamke aliyechoka.

Chiriku alipigwa na butwaa. Nywele za shingoni zilimsimama. Chumbani walikuwa wawili tu, lakini alihisi wazi kwamba kuna mtu wa tatu ameingia.

Chai ilipoiva, maswali yalimtoka kama mbaazi zinazomwagika. "Yule aliyebeba sinia ni nani? Leo umeandika kurasa ngapi?"

"Ni mwokaji wa mikate. Nimeandika ukurasa mmoja, na labda nusu yake nitaifuta kesho."

"Mmoja! Asubuhi nzima?"

"Mmoja kila siku. Nikiwa na hamu, mmoja. Nikiwa sina hamu, mmoja. Hilo ndilo lengo la mkono wangu." Shangazi alipuliza chai yake. "Lengo la moyo ni gumu zaidi. Nataka mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya tanuri asome kitabu hiki, ajikute anajifuta jasho."

Baada ya chai shangazi alisoma vitabu vya wengine. Baada ya chakula alilala kidogo. Na jua lilipopunguza ukali alivaa kandambili akaenda kutazama watu. Siku moja alimchukua Chiriku mpaka tanuri la mikate lililokuwa nyuma ya soko.

Ndani kulikuwa na joto la kuunguza kope. Mwokaji, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, aliwasogezea benchi bila kuacha kukanda. Mara akaingia kijana mrefu, mwanawe, akasimama karibu na meza.

"Mama, nimeipata ile kazi. Ni mbali. Gari linaondoka kesho asubuhi."

Mikono ya yule mama haikusimama. Ila kishindo cha unga mezani kilizidi. "Haya, baba," alisema. "Umekula?"

"Bado."

Yule mama alikata donge moja, akaliviringisha, akalivunja, akaliviringisha upya kwa uangalifu ambao hakuyapa madonge mengine, kisha akaliweka pembeni peke yake. Chiriku aliona. Alipogeuka, akamwona shangazi naye ametulia tuli, macho yake yamejaa maji.

Siku zilikwenda. Kila asubuhi shangazi alikaa mezani, na kila asubuhi Chiriku, sebuleni, aliikodolea macho karatasi yake tupu. Nusu ya likizo ilikuwa imeshapita. Asubuhi moja, kalamu yake ilibiringika chini ya meza ya sebuleni. Alipoinama kuitafuta aliona boksi la karatasi za kuwashia jiko. Zilikuwa kurasa alizozitupa shangazi.

Alizisoma akiwa amechuchumaa. Zilikuwa na sura nzima ya mwokaji akiagana na mwanawe, na lugha yake ilikuwa tamu kama asali. "Hizi si ndizo zinazongoja moto?" Chiriku alijisemea. "Kilichotupwa ni cha mwenye kuokota." Akachukua karatasi yake akaanza kunakili. Maneno, kwa mara ya kwanza, yalikuwa yanajaa ukurasa.

Alinakili mpaka alipofika mahali ambapo mwokaji aliuacha unga, akainua mikono juu, akasema: "Ewe mwanangu, nuru ya macho yangu, nitaishije nisikuone?" Maneno yaliendelea hivyo nusu ukurasa. Kalamu ya Chiriku ikasita. Alimkumbuka yule mama wa nyuma ya soko, kishindo cha unga, lile donge moja pembeni. Umekula? Akasoma tena ukurasa ulio mbele yake. Maneno yalikuwa mazuri, na yalikuwa ya uongo.

Hapo ndipo alipoutazama mkono wake mwenyewe. Nao ulikuwa unasema uongo.

Wakati wa chai, Chiriku aliyezoea kumwaga maswali alikaa kimya. Shangazi akamgusa paji la uso. "Unaumwa, mwanangu?"

"Shangazi, nimeiba." Akamwekea karatasi mezani. "Nilitaka kumpelekea mwalimu, nimwambie ni yangu."

Shangazi alisoma mpaka mwisho. "Kwa nini umeachia hapa katikati?"

"Kwa sababu mwokaji hasemi hivyo. Angemuuliza mwanawe kama amekula."

Shangazi aliweka kikombe chini. Alimtazama Chiriku kama mtu anayemwona mgeni ambaye hakumtarajia.

"Tulipotoka kule tanurini," alisema, "nilizitoa kurasa hizi, nilizoziandika kabla hujaja, nikaona aibu. Nilikuwa nimezipenda sana. Nikazitupa. Na wewe umeliona kosa lile lile." Kisha uso wake ukawa mkali. "Lakini nilichokitupa hakikuwa chako. Ungesoma mbele ya wazazi, wangekupigia makofi. Makofi yale ungeyasikia wapi?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Shavuni."

"Basi umenielewa."

Chiriku aliichana nakala yake mwenyewe, akazipeleka zile kurasa jikoni. Shangazi alivuta kiti kingine akakiweka mezani, kando ya kile chake.

Kuanzia hapo walikaa wawili, kimya mpaka wakati wa chai. Lengo la Chiriku lilikuwa nusu ukurasa. Alimwacha fisi akaamua kuandika juu ya mdogo wake, ambaye huogopa mashine ya kinyozi kuliko mbwa. Alasiri alikwenda kukaa kwa kinyozi wa pembeni mwa barabara, akatazama jinsi watoto wanavyokunja vidole vya miguu mashine inapoanza kunguruma, na jinsi wanavyojishika kichwa wakimaliza, kama wanahakikisha bado kipo. Aliandika, akafuta. Aliandika, akatupa. Siku nyingine nusu ukurasa wote uliishia jikoni, naye akatamani kulia. Hata hivyo, kesho yake alikaa tena.

Asubuhi moja shangazi aligeuza macho, akamkuta Chiriku ameinua mabega mpaka masikioni, amefumba macho, amekunja vidole vyote vya miguu. Chiriku alipofumbua macho, akagundua mwenyewe alichokuwa akifanya, mwili ukamsisimka. Mtoto wa kwenye karatasi alikuwa ameingia chumbani.

Siku ya wazazi ilipofika, mwalimu aliichagua hadithi yake. Chiriku alisimama mbele na kuisoma. Mashine iliponguruma, vicheko vikaenea ukumbi mzima, na baba mmoja wa mstari wa mbele akajipapasa kichwa bila kujua. Kisha akafika mahali ambapo dada mtu anamshika mdogo wake mkono na kugundua kwamba mkono wake yeye ndio unaotetemeka. Ukumbi ukanyamaza. Hata watoto wachanga walinyamaza. Chiriku aliusikia ukimya ule ukimzunguka, akausubiri kidogo kabla ya kuendelea, akistaajabu kwamba watu wote hawa wamesimama naye ndani ya chumba ambacho hakipo.

Makofi yalipopigwa, aliyasikia moyoni.

Shangazi alimngoja nje ya ukumbi. Chiriku alimkumbatia. Shangazi akampangusa jasho la usoni kwa ncha ya kanga.

"Mdomo wako ulizaliwa nao, Chiriku," alimwambia. "Hiyo ni zawadi tu, huna la kujisifia. Lakini mkono huu umeufundisha mwenyewe, nusu ukurasa baada ya nusu ukurasa. Kitu cha mwenzako, hata ukikiokota jalalani, utakishika kwa woga siku zote. Ulichokitolea jasho lako utakishika mbele ya ulimwengu mzima, na hakuna atakayekuja kukuambia ukirudishe."