Kiapo cha Diwani Abbasi

Jumatatu, saa saba mchana, Asmahani alisikia chumbani mwake harufu ya muhogo uliovundikwa, ilhali nyumba ile ya mjini Kibondo haikuwa na muhogo wala pipa la kuulowekea. Jumanne harufu ilihamia kwenye mto wake wa kulalia. Jumatano, alipokuwa akimsuka nywele binti yake Mwajabu, vidole vyake vilianza kutii amri isiyokuwa yake, vikivuta na kukaza hata mtoto akalia, na yeye akabaki kuvitazama vikiendelea.

Alhamisi mumewe, Diwani Abbasi, alimleta Mwalimu Badru kutoka Kasulu. Badru alisoma, akapuliza maji, akauliza kilichoingia kimepitia wapi. Kilijibu kwa kinywa cha Asmahani, kwa sauti nzito, ya taratibu, kwamba hakikuingia, kiliitwa.

Abbasi alijua. Jumapili iliyotangulia, kamati ya maadili ya chama ilimhoji kuhusu mwanamke wa kijiji cha Kitahana anayedaiwa kuzaa naye. Alikana. Alishika Msahafu, na badala ya kujiapiza mwenyewe, akasema kama anadanganya, balaa limshukie mkewe. Wajumbe waliridhika, mume gani angemchezea mkewe hivyo? Sasa alimvuta Badru pembeni, akamweleza yote.

"Nenda ukakitengue kiapo palepale ulipoapia, mbele ya walewale," Badru alimwambia kwa sauti ya chini. "Ikifika kesho jioni hujasema kweli, humkuti."

"Kesho ndiyo wanapitisha majina ya wagombea, mwalimu."

"Basi umebahatika. Wote watakuwepo."

Ijumaa saa tatu asubuhi Abbasi aliondoka, amenyoa, amejipulizia manukato. Kamati ilikwisha kusikia habari za ugonjwa. Mwenyekiti, Melkiadi, alisema wao wanatafuta diwani, hawatafuti mume. Barabara mbovu haiulizi mtu amelala wapi. Epifania, mwanamke pekee kikaoni, alimjibu kwamba barabara hiyohiyo waliahidiwa na mdomo huohuo. Anayemdanganya mtu anayempikia, alisema, sisi atatubakizia nini? Akataka mgombea aape upya, na safari hii asimtaje mkewe. Msahafu ukaletwa. Abbasi aliutazama kwa muda, kisha akaitazama karatasi ya majina iliyokuwa mbele ya mwenyekiti.

Nyumbani, saa nne na dakika kumi, Asmahani alikuwa amelala mkekani, taya zimekazana, huku Badru akisoma kichwani pake na harufu ikizidi kuwa nzito, ikipanda kutoka sakafuni, ikiingia katika nguo, katika maji ya kisomo, katika pumzi ya msomaji mwenyewe, hata akalazimika kukatiza aya na kugeuza uso; na uani Mwajabu, aliyekatazwa kuingia, alikuwa akifua sare yake ya shule na kuimba kwa nguvu ili asisikie kinachosemwa ndani.

Mara taya zikalegea. Harufu ikakatika. Asmahani akaketi, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe, akavikunja vidole vyake na kuvikunjua, vikamtii.

"Amesema kweli," alinong'ona. Machozi yalimtoka. "Mwalimu, mume wangu amesema kweli."

Simu ya Badru iliita. Abbasi alikuwa akicheka, na nyuma yake watu walikuwa wakipiga makofi. Jina limepita, alisema, mgonjwa anaendeleaje?

"Amepona," Badru alisema polepole. "Umeapa kwa nani?"

Kabla hajajibiwa, wimbo wa uani ulikatika katikati ya neno, na sauti nzito, ya taratibu, ikaumalizia.